Mshipa Uliozibuliwa na Mshipa Ulioachwa

Baba alishikwa na shambulio la moyo alfajiri, kama saa kumi na moja. Baba mdogo alishikwa miaka miwili baadaye, jioni, ameketi tu. Ni ndugu wa tumbo moja, wamepishana miaka mitatu, na mshipa uliowasaliti wote wawili ni uleule: ateri kubwa inayoshuka mbele ya moyo upande wa kushoto. Mshipa wa Baba ulizibuliwa. Wa baba mdogo madaktari waliuona kwenye picha, umeziba kabisa, wakauacha vilevile.

Ilinichukua muda mrefu kuwaelewa, na nusu ya muda huo niliutumia kuwalaani.

Baba aliamka amelowa jasho la baridi, akasema kifuani kuna mzigo. Si maumivu ya kuchoma, alisisitiza, ni mzigo, kama mtu amemkalia, na uzito ule ulikuwa ukiteremka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho. Alitaka aoge kwanza ndipo aende hospitali. Mama akamjibu, "Utaogea hukohuko," na mpaka leo naamini maneno hayo mawili ndiyo tiba ya kwanza aliyopata. Tangu aamke mpaka puto dogo la kuuzibua linajazwa ndani ya mshipa wake, hazikutimia saa tatu.

Baba mdogo alisema ni gesi. Alikunywa dawa ya kiungulia, akalala ubavu wa kulia, akavumilia usiku kucha. Kulipokucha maumivu yakawa yamekwisha, naye akatangaza kwa ushindi, "Limepita." Sasa najua kwa nini lilipita. Msuli wa moyo hulia unapokufa, ukishakufa hunyamaza. Siku ya tano alishindwa kumaliza ngazi za ghorofa moja bila kusimama kuhema, ndipo akakubali kupelekwa.

Tulikuwa wanne kwenye korido daktari alipotoka. Akatuambia mshipa mmoja umeziba asilimia mia, mingine miwili mikubwa ni mizima, mgonjwa hana maumivu tena na hali yake imetulia, kwa hiyo hawatauzibua. Watamtibu kwa dawa. Binamu yangu akauliza kama ni suala la fedha, akaambiwa hapana. Mimi nikadakia: "Daktari, baba yangu mlimzibulia palepale. Huyu kosa lake nini?"

"Kosa lake ni siku tano," akasema.

Niliona ni jibu la kikatili. Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikaanza kusoma.

Sote tulikuwa na picha ya bomba kichwani. Bomba likiziba, ukilizibua leo au mwezi ujao, maji yatapita tu. Ila bomba halilishi chochote njiani. Ateri za moyo zimelala juu ya msuli unaofanya kazi bila likizo, na zikikatika mtiririko, msuli ule unaanza kufa kwa mpangilio: kwanza tabaka la ndani kabisa, halafu kifo kinatambaa kuelekea nje kama unyevu unavyopanda ukutani. Watafiti wawili wa Marekani, Reimer na Jennings, walilionyesha hili mwaka 1977 kwa mbwa ambao ateri zao zilifungwa na kufunguliwa kwa nyakati tofauti. Zilipofungwa dakika 40, kiasi cha asilimia 38 ya eneo lililokoseshwa damu kilikufa. Zilipofungwa saa 6, asilimia 71. Mwanadamu si mbwa, na wengine wana vijishipa vya pembeni vinavyowanunulia muda, lakini sura ya mambo ni ileile: hasara kubwa hutokea mwanzoni.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hata hilo la donge la damu kuziba ateri na kuleta shambulio halikuwa limekubalika na wote hadi majuzi tu. Kulikuwa na madaktari wazito waliosema donge linaonekana baada ya msuli kufa, yaani ni matokeo, si chanzo. Mwaka 1980 DeWood na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 322 waliopigwa picha za mishipa wakiwa katikati ya shambulio, kitu ambacho wengi walikiogopa wakati huo. Miongoni mwa waliopigwa picha ndani ya saa 4 tangu dalili zianze, asilimia 87 ateri ilikuwa imeziba kabisa. Kwa waliopigwa kati ya saa 12 na 24, ilikuwa asilimia 65. Mzozo ukaisha. Na ukiitazama ile tofauti ya 87 na 65 utaona mwili wenyewe umo mbioni kuyeyusha donge, ila mara nyingi unachelewa.

Kuusaidia mwili katika mbio hizo ndiko kulikoleta zile tafiti kubwa za miaka ya themanini. Waitaliano, katika utafiti wa GISSI uliotangazwa mwaka 1986, waliwagawa wagonjwa 11,806. Nusu wakapewa streptokinasi, dawa inayotokana na bakteria na inayoyeyusha damu iliyoganda. Ndani ya siku 21, asilimia 10.7 ya waliopata dawa walifariki, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Waliopata dawa ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Miaka miwili baadaye ukaja ISIS-2, wagonjwa 17,187, streptokinasi na aspirini zikijaribiwa kila moja peke yake na zote pamoja. Katika wiki tano, waliokosa zote mbili walifariki kwa asilimia 13.2 kutokana na maradhi ya mishipa. Waliopata zote mbili, asilimia 8. Kidonge cha aspirini, kile kinachodharauliwa kwa kuwa kila mtu anacho, kilifanya karibu kazi sawa na dawa ya kudungwa.

(Kwa wapenda vioja: wahariri walipotaka ISIS-2 ichambuliwe kwa vikundi vidogovidogo vya wagonjwa, watafiti wakawagawa pia kwa nyota zao za kuzaliwa. Ikaonekana aspirini haiwafai Mapacha na Mizani. Walilichapisha hivyohivyo, ili iwe onyo kwa wanaochokonoa takwimu mpaka ziseme wanachotaka.)

Haikutosha kuufungua kidogo. Utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993 uliupima mtiririko wa damu dakika 90 baada ya dawa kwa madaraja yanayoanzia 0, hakipiti kitu, hadi 3, damu inapita kama kawaida. Waliofika daraja la 3 walifariki kwa asilimia 4.4 katika mwezi wa kwanza. Wale ambao ateri yao ilibaki imeziba au karibu kuziba, asilimia 8.9. Wa daraja la 2, ambao kwa jicho la harakaharaka ungesema "umefunguka", walikuwa karibu zaidi na hawa wa mwisho kuliko na wale wa kwanza. Mshipa uliofunguka nusu haukuwa ukihesabika.

Mpaka hapo nilikuwa nimepata hoja za kumshitakia daktari wetu, na nilidhani nimepata nyingine nzito zaidi. Mwaka 1989, Eugene Braunwald, mmoja wa mabingwa wakubwa wa moyo wa karne iliyopita, aliandika jambo lililokuwa likimsumbua. Faida ya kuwa na ateri iliyo wazi ilionekana kubwa kuliko kiasi cha msuli uliookolewa. Watu walikuwa wakinusurika hata pale ambapo nguvu ya moyo kusukuma damu haikuwa imeongezeka kwa kiasi cha kueleza kunusurika kwao. Akapendekeza kwamba huenda mshipa ulio wazi una faida yake yenyewe, ya muda mrefu, isiyotegemea sana saa ulipofunguliwa.

Ukifikiria, ina mantiki, na hapa ndipo nilipojifunza mengi kuhusu kinachotokea baada ya watu kurudi nyumbani na maua. Sehemu iliyokufa haikai ilivyo. Katika wiki na miezi inayofuata hugeuka kovu, na kovu likiwa pana na jembamba hutanuka. Chumba kikuu cha moyo, ambacho kwa afya kina umbo la yai lililochongoka, huanza kuviringika kama mpira. Moyo wa mviringo hubeba mzigo mkubwa zaidi ukutani kwa kila pigo, mzigo ule huzidi kuutanua, na kutanuka kule huongeza tena mzigo. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka hospitali mzima wa kutembea, akaja kuvimba miguu na kulalia mito mitatu mwaka wa pili. Ateri iliyo wazi hulisha kingo za kovu, zile seli zilizobaki hai katikati ya zilizokufa, na huzuia kutanuka huko. Kovu lililozungukwa na msuli unaolishwa vizuri pia hutulia zaidi kiumeme, na mapigo yanayovurugika ghafla na kuua watu usingizini hupungua. Tena mshipa huo huweza siku moja kuwapelekea damu jirani zake, wao wakianza kuziba.

Na miaka ilithibitisha sehemu ya mambo hayo kwa wale waliofunguliwa mapema. Wagonjwa wa GISSI walifuatiliwa miaka 10, na tofauti ya wale waliopata dawa ilikuwa haijafutika. Uholanzi, Zijlstra na wenzake waliwafuatilia kwa wastani wa miaka 5 watu 395 waliokuwa wamegawanywa: wengine streptokinasi, wengine puto moja kwa moja. Waliofariki upande wa puto walikuwa asilimia 13. Upande wa dawa, asilimia 24. Walioshikwa tena na shambulio lisiloua walikuwa asilimia 6 dhidi ya 22. Hizi za mwisho ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinaeleza kilichofanyika: dawa huyeyusha donge lakini humwacha adui pale ukutani, lile tabaka la mafuta lililopasuka, na mshipa unaweza kujifunga tena. Puto na stenti, kile kijineti kinachoachwa ndani ya mshipa, hushughulika na ukuta wenyewe.

Basi nikarudi kwa yule daktari nimebeba hoja ya Braunwald kama wakili. Baba mdogo alikuwa amekuja kliniki, na daktari alikuwa na nafasi.

"Kijana, umesoma vizuri," alisema. "Sasa umefika mwaka 2006?"

Sikuwa nimefika. Mwaka huo yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao OAT, ulioongozwa na Judith Hochman. Walichukua watu 2,166 wa aina ya baba mdogo kabisa: shambulio limepita siku 3 hadi 28, ateri imeziba kabisa, mgonjwa ametulia. Nusu walizibuliwa na kuwekewa stenti juu ya dawa. Nusu walipewa dawa tu. Kila aliyeamini nadharia ya mshipa ulio wazi alitarajia kundi la kwanza lishinde. Baada ya miaka 4, kifo, shambulio jipya au moyo kushindwa kazi vilikuwa vimewapata asilimia 17.2 ya waliozibuliwa na asilimia 15.6 ya waliopewa dawa peke yake. Kitakwimu ni sawa. Hapakuwa na faida, na kwa upande wa mashambulio mapya kulikuwa na dalili kwamba mambo yalielekea kuwa mabaya kidogo kwa waliozibuliwa.

Nilikaa kimya. Akanieleza kwa kidole juu ya meza. Siku ya tano kilichokuwa cha kufa kimekufa. Kilichobaki hai kinalishwa na vijishipa vya pembeni vilivyokwisha kujipanga. Ukipitisha waya na puto kwenye ateri ile unaweza kusukuma vipande vya donge na mafuta mbele, vikaenda kuziba mishipa midogo. Na mtiririko ukirudi kwenye njia kuu, vile vijishipa vya pembeni husinyaa, halafu stenti ikiziba hakuna tena wa kumwokoa. "Angekuwa bado na maumivu, au angekuwa ameporomoka, tungekuwa tunaongea habari nyingine," alisema. "Lakini kwa hali aliyokuja nayo, ningemzibulia ili tu ninyi mridhike."

Ningemzibulia ili tu ninyi mridhike. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi.

Siku hizi nikisikia watu wakisema "hospitali walikataa kumfungua mshipa", huwa nauliza saa ngapi alishikwa na saa ngapi alifika. Muda mwingine jibu linaudhi familia nzima, maana mchelewaji huwa ni mtu anayependwa. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kila saa inayopita inapunguza thamani yake. Puto linapopatikana, miongozo ya madaktari inahesabu dakika: 90 tangu mgonjwa afike kwenye hospitali yenye uwezo huo, na kama hawezi kulifikia ndani ya dakika 120, apewe dawa kwanza. Hayo yote ni hesabu za upande wa hospitali. Upande wa nyumbani hakuna anayeshika saa, na huko ndiko saa nyingi hupotelea.

Nimemsema sana baba mdogo; Baba naye asidhani amesalimika.

Mwezi wa nne baada ya kuwekewa stenti alianza kutembea asubuhi, rangi ikamrudi, akaanza kujiona ameponywa. Mikononi alikuwa akipata alama za bluu kila alipojigonga. Siku moja Mama aligundua kwamba kisanduku cha vidonge hakijaguswa siku tatu. Alipoulizwa alisema, "Si mshipa umeshafunguliwa?" Tukarudi palepale kwenye bomba.

Stenti ni kijineti cha chuma, na damu ikikutana na chuma kigeni hupenda kuganda. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uote na kukifunika, kinachozuia donge jipya ni vile vidonge viwili, aspirini na mwenzake, klopidogreli au mojawapo ya ndugu zake. Baada ya shambulio la moyo kawaida huliwa pamoja kwa mwaka mmoja, isipokuwa daktari aone hatari ya kutokwa damu ni kubwa, na baadaye aspirini huendelea. Mtu anayeviacha ghafla katika miezi ya mwanzo anajiweka kwenye hatari ya stenti kuziba mara moja, na stenti ikiziba hivyo huwa ni shambulio lingine kamili, mara nyingi baya kuliko la kwanza. Alama za bluu mkononi, zinazoletwa na vidonge hivyo, zilikuwa za kumwambia daktari, si za kuamua mwenyewe. Mama alimweleza hayo kwa sauti ambayo sitaiandika.

Halafu kuna statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ambayo Baba huiita "ya mafuta" na kuidharau kwa sababu hahisi chochote akiinywa wala akiiacha. Huu kwa maoni yangu ndio msiba wa tiba ya muda mrefu: inayofanya kazi vizuri haionekani. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa watu 4,444 waliokuwa na maradhi ya mishipa ya moyo na kolesteroli ya juu ulionyesha simvastatini, mojawapo ya statini, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 ndani ya miaka mitano na kidogo. Puto limefungua sentimita mbili au tatu za mshipa. Ateri zilizobaki zote, kuanzia shina hadi matawi, zinalindwa na kidonge kile, na presha iliyodhibitiwa, na sigara ambayo Baba aliizima usiku ule na hajaiwasha tena. Hilo la sigara nampa heshima zake zote.

Tena Baba hakuwa na mshipa mmoja tu mbovu. Ule wa kulia nao ulikuwa umesinyaa, na ulifanyiwa kazi wiki chache baadaye. Niliuliza kama si kumtesa mzee bure, maana hausumbui. Kuna utafiti wa mwaka 2019 uitwao COMPLETE, watu 4,041, uliojibu swali langu: waliofunguliwa na ile mishipa mingine iliyosinyaa walifariki kwa maradhi ya moyo au kupata shambulio jipya kwa asilimia 7.8, wengine 10.5, katika muda wa kama miaka mitatu. Kwa hiyo mshipa uliosinyaa lakini unapitisha damu hupata faida, na mshipa uliokwisha kuziba kabisa na kulala siku kadhaa mara nyingi haupati. Kama ningeambiwa hivyo siku ile korido bila kusoma kwanza, ningedhani nachezewa akili.

Kuna mtu mmoja huwa namfikiria. Tarehe 16 Septemba 1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha puto kwa mara ya kwanza ndani ya ateri ya moyo ya mgonjwa aliye macho. Mgonjwa alikuwa na umri wa miaka 38, na stenti zilikuwa hazijaja. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1986. Kwa puto tupu, karibu theluthi ya mishipa ilikuwa ikisinyaa tena ndani ya nusu mwaka. Wa mgonjwa yule ulipopigwa picha miaka 10 baadaye ulikuwa bado wazi. Baba anaipenda hadithi hiyo, huisimulia kama vile bwana yule ni jamaa yetu.

Mwezi uliopita niliwapeleka wote wawili kupimwa kwa ultrasaundi ya moyo, siku moja, foleni moja. Moyo wenye afya hutoa nje zaidi ya nusu ya damu ya chumba chake kikuu kwa kila pigo, asilimia 55 hivi na kuendelea. Wa Baba ulisoma 54. Wa baba mdogo, siku alipofika hospitali, ulikuwa 34. Tangu hapo amekuwa akila dawa zinazoupunguzia moyo mzigo na kulizuia lile kovu lisitanuke, na daktari amekuwa akiongeza dozi polepole.

"Wa kwangu umesemaje?" akaniuliza tukiwa kwenye gari.

"Arobaini na moja, baba mdogo."

"Kutoka ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akanyamaza mpaka tukavuka taa za kwanza. Baba, aliyekaa mbele, hakugeuka wala hakusema kitu, na kwa Baba hilo si dogo.

"Zile za usiku," baba mdogo akasema hatimaye, "ni saa mbili au saa tatu? Maana mimi nimekuwa nikizila nikikumbuka."